Atakayemwitikia

Jua lilikuwa linazama pale Fundi alipomtuma binti yake akanunue mkaa wa pasi. Binti akatoka, akakaa huko nje kidogo, akarudi mikono mitupu.

"Mkaa uko wapi?"

"Sijanunua. Yule bibi muuza mkaa simpendi."

"Kwani nimekutuma ukamchumbie? Nguo za harusi zinachukuliwa kesho. Au tutazinyoosha kwa huo ulimi wako?"

Binti akacheka. Mtaa mzima ulimwita Chiriku, maana tangu ajue kusema hakuwahi kuupumzisha mdomo. Alikuwa kidato cha pili, mrefu, mwenye sura na maneno, na darasani kwao neno lake ndilo lililokuwa neno. Akisema leo tunanuna, darasa linanuna. Baba yake alifariki yeye akiwa angali wa kubebwa, wakabaki wawili tu duniani, yeye na Fundi mama yake. Fundi alimpenda mtoto huyo kupita kiasi, na hakuona haya kusema.

Fundi mwenyewe alijulikana kwa mambo mawili: mkono mzuri na uongo. Mafundi cherehani mnawajua. Kitambaa chako hakijaguswa hata na mkasi, lakini ukiuliza utaapiwa kwamba vimebaki vifungo tu. Njoo kesho. Ukija kesho, kuna kesho nyingine. Na ukizidi kumwandama, unakuta mlango umerudishwa nusu, mtoto kasimama kizingitini anakwambia bila kupepesa macho, "Mama hayupo." Na mama yuko nyuma ya pazia, amebana pumzi. Chiriku alianza kazi hiyo ya mlangoni akiwa bado hajaota upya meno ya mbele, na aliiweza vizuri sana.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ndogo, ya kike. Fundi akasimamisha mguu kwenye cherehani.

"Kama ni yule wa suruali ya kahawia, mimi sipo," akanong'ona.

Chiriku akaenda mlangoni. Akatazama nje, akarudi akakaa.

"Hakuna mtu."

"Hodi..."

Fundi akasogeza pazia. Pale kizingitini, karibu kabisa na alipokuwa amesimama Chiriku, alikuwepo binti aliyevaa sare ya shule, mwembamba, ameshika kiuno cha sketi yake kwa mkono isije ikaanguka. Alikuwa mjukuu wa bibi muuza mkaa, na alisoma darasa moja na Chiriku.

"Huyu si mtu huyu?" Fundi akamgeukia mwanawe. "Macho yako yameingia mchanga?"

Chiriku akatazama ukutani. "Nani, mama?"

Fundi akaona ni utani wa watoto, akampuuza. Akamvuta mgeni ndani kwa bashasha zote, kwa sababu alikuwa na deni la aibu kwake. Sketi ile ilikuwa pana tangu siku iliponunuliwa mtumbani. Kuipunguza kiuno ni kazi ya mara moja, mtu anasubiri hapo hapo. Lakini ndiyo ilikuwa sketi yake pekee, haiwezi kuachwa dukani, na kila alipokuja alikuta Fundi amebanwa. Njoo kesho, mwanangu. Mwishowe Fundi alimpa pini aibane nayo, akajiona amemtendea wema.

Akachukua futi ya kupimia, akaizungusha kiunoni. Kazi yao pale dukani ilikuwa hivi: Fundi akipima anaita namba, Chiriku anaijibu kwa sauti, halafu anaiandika kwa chaki upande wa ndani wa kitambaa. Namba isiyojibiwa Fundi hakuiamini.

"Kiuno, ishirini na tatu."

Kimya.

"Ishirini na tatu, wewe!"

Chiriku alikuwa anajing'ata kucha. "Ya nani, mama? Mbona unapima hewa?"

Fundi akasonya. Akapima tena ili ahakikishe. Futi ikasema ishirini na mbili. Akaikaza, akainama kuisoma vizuri. Ishirini na moja na nusu... Hapo ndipo alipohisi baridi. Haikuwa ya mtu aliyetoka kwenye mvua wala ya mwenye homa. Ilikuwa baridi ya chumba kisichokaliwa. Na kulikuwa na harufu, kama ya kabati lililofungwa miaka.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Siumwi." Binti akamwinamia sikioni. "Fundi... unaniona?"

"Nisikuone na nimekushika kiuno!"

Yule binti akacheka kidogo. Halafu macho yakamjaa machozi.

"Ukimwacha bibi, umebaki wewe peke yako," akasema.

Fundi alitaka kumuuliza ana maana gani. Lakini shangazi wa bibi harusi akaingia kama mwenye nyumba, amekuja kuona magauni yamefikia wapi, anapiga kelele, anajipepea, akapita pale pale aliposimama yule binti kana kwamba pako wazi. Binti akaruka pembeni. Na Fundi, akiwa na mkono mmoja kwenye gauni, akasema lile neno lake.

"Njoo kesho, mwanangu. Kesho nakufanyia umesimama hapo hapo."

"Na juzi ulisema hivyo, Fundi."

"Kesho ni kesho kweli."

Shangazi alipoondoka, Fundi akamkalisha mwanawe. Ikabidi Chiriku aseme, na kwa kuwa alipenda kusimulia, alisimulia akicheka.

Yule binti alikuwa amechaguliwa kupandisha bendera shuleni asubuhi moja, wiki kadhaa nyuma. Shule nzima imesimama mistari. Akainua mikono kuvuta kamba, pini ikafunguka, sketi ikaanguka. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kidato cha pili walicheka kuliko wote, na mwalimu wa zamu akawapa adhabu ya kufyeka majani juani mchana kutwa. Walikuwa wanafyeka huku wanatafuta wa kumlaumu. Mwanzoni walimwita Mkaa. Halafu Chiriku akapata wazo bora zaidi.

"Nikasema kuanzia leo huyu hayupo. Basi. Hatumpigi, hatumtukani. Tunaishi tu kama hayupo. Akiongea hatusikii. Akikaa, tunaweka mabegi juu yake."

"Mwalimu akiita majina?"

"Yeye anaitika, lakini sisi wote tunasema hayupo! Mwalimu hata hainui kichwa."

"Na mtu akimwonea huruma?"

"Atakayemwitikia, naye hayupo. Ndiyo sheria."

"Sheria katunga nani?"

"Mimi," akasema Chiriku, na kusema kweli alijivuna kidogo.

Hapa ndipo Fundi alipotakiwa kuinuka. Angeinuka jioni ile, akamshika mwanawe mkono mpaka kwa muuza mkaa, hadithi ingeishia hapo na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Aliikumbuka pini. Ilimchoma moyoni, tena sana. Lakini magauni yalikuwa mezani, na aibu ina tabia ya kumfanya mtu atafute kazi ya mikono. "Acheni ujinga wenu," akasema, akarudi kwenye cherehani.

Kesho yake jioni, kazi ilikuwa imemfika shingoni. Sketi ya watu hata hakuikumbuka.

"Hodi."

Fundi akaganda. Hakuwa na uso wa kumtazama mtoto yule tena na kumpa kesho nyingine. Akazima taa. Akamvuta Chiriku nyuma ya magauni yaliyoning'inia, akamziba mdomo kwa kiganja, maana alikuwa ameanza kucheka.

"Tulia," akanong'ona. "Ataondoka."

"Hodi, Fundi."

Wakabana pumzi.

"Fundi, najua umo. Taa ilikuwa inawaka."

Kitambaa cha harusi kiliwagusa mashavuni. Chiriku alikuwa anatetemeka kwa kicheko.

"Fundi... wewe tu. Tafadhali. Wewe tu."

Halafu kimya. Walisubiri kusikia viatu vikiondoka kwenye changarawe. Hawakusikia. Fundi alipofungua mlango, nje hapakuwa na mtu, ila ile harufu ya kabati.

Tangu jioni hiyo hakuna aliyemwona yule binti.

Bibi yake alizunguka kila mahali. Alikwenda polisi, wakamwambia asubiri. Alikwenda shuleni, wakamwambia mjukuu wake hajahudhuria muda mrefu. "Lakini kila asubuhi nilikuwa namsindikiza mpaka barabarani!" alilia mbele ya duka la Fundi. "Hapa hakupita?"

"Hakupita," akasema Fundi. Uongo ulitoka wenyewe, kwa mazoea, na baada ya kutoka hakujua namna ya kuurudisha.

Mtaani hawakukosa la kusema. Ati bibi amemtoa kafara mjukuu wake ili biashara ichangamke. Ati mkaa wake ukiuwasha unasikia mtu analia. Waliokuwa wakikopa kwake ndio waliosema zaidi.

Na Chiriku akaanza kunyamaza.

Kila jua likizama alikuwa anainua kichwa, anatazama mlango. Ukimsemesha anashtuka. Chakula anakichezea. Jioni moja akamshika mama yake mkono, kucha zikaingia kwenye ngozi.

"Mama, husikii?"

"Nisikie nini?"

"Anapiga hodi."

Fundi akasikiliza. Jirani alikuwa anaosha vyombo, mtoto wa nyumba ya pili analia, basi. Akafunga mlango kwa komeo na kumwambia Chiriku asijali, ni uchovu. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata.

Halafu Fundi akatoka kwenda kununua vifungo. Aliporudi giza lilikuwa linaingia, na alikuta mlango wa duka umefunguliwa wote, pazia limefungwa fundo juu, kama siku ya wageni wengi. Chiriku alikuwa amekaa kwenye kigoda. Hakugeuka.

"Nimemkaribisha," akasema.

"Nani?"

"Nimechoka, mama. Kila siku hodi, hodi, hodi. Nikasema karibu."

"Akaja?"

Chiriku akanyoosha kidole kwenye benchi la wateja, ambalo lilikuwa tupu.

"Amekaa pale. Anakutazama."

Benchi likalia, kama linavyolia mtu akihama upande.

Usiku ule walilala taa inawaka, wamekumbatiana. Asubuhi Chiriku akavaa sare akaenda shule, na mchana akarudi anakimbia. Hakuna aliyemjibu salamu. Muuza duka alihudumia waliokuja nyuma yake mpaka Chiriku akachoka kusubiri. Mwalimu aliita jina lake, akaitika, darasa zima likakaa kimya, mwalimu akatia alama akaendelea. Na Pacha, rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliyefanana naye hata kwa kicheko, alikuja akaweka begi lake kwenye kiti. Juu ya mapaja ya Chiriku.

"Wanacheza mchezo wako," akasema Fundi. "Wameuhamishia kwako."

"Hawachezi, mama! Sisi tulipokuwa tunacheza tulikuwa tunamchungulia. Tulikuwa tunacheka pembeni. Hawa hawanioni!"

Fundi akamshika mkono wakaenda shuleni. Mwalimu wa darasa alikuwa kijana mpole mwenye miwani, madaftari kwapani.

"Afadhali umekuja, mama. Nilitaka kukupigia simu. Chiriku anaumwa nini?"

"Mwalimu... si huyu hapa?"

Mwalimu akatazama pembeni mwa Fundi, akarudisha macho kwake taratibu, kwa huruma. Chiriku akamsogelea mpaka pua zikakaribia kugusana. Akamwamkia. Akapiga kelele, shikamoo mwalimu, shikamoo, shikamoo, mishipa ya shingo imemsimama. Mwalimu akajisugua mkono tu, kama mtu aliyepitiwa na baridi.

"Na yule mwingine?" Fundi akauliza. "Mjukuu wa muuza mkaa?"

"Yule alikuwa mtoro. Kila nikimwita, wenzake wanasema hayupo."

"Wewe ulikuwa hutazami?"

"Nina wanafunzi wengi, mama," akasema, na alipokwisha kusema akaonekana kama amesikia maneno yake mwenyewe. Akavua miwani akaifuta muda mrefu.

Pacha aliwafuata mpaka getini. Alimfuata Fundi, maana Chiriku aliyekuwa akimlilia mbele ya uso wake hakumwona. Alikuwa amekonda.

"Mama," akanong'ona, "na kwenu jioni mnapigiwa hodi?"

Fundi akamshika mabega. "Usiitikie. Unanisikia? Hata sauti ikiita kwa machozi, usiitikie."

"Sawa, mama," akasema mtoto, na akamshukuru.

Kutoka pale Fundi hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa bibi muuza mkaa, akapiga magoti mbele ya mlango, palipojaa vumbi jeusi.

"Bibi, nisamehe. Nilikudanganya, alikuja dukani kwangu. Adhabu nipe mimi. Kama kuna kitu umefanya, kifungue. Mwanangu anapotea."

Bibi alikuwa ameketi kwenye gunia. Hakumwambia ainuke.

"Na wewe umeamini kwamba mimi ni mchawi."

Fundi akainamisha macho kwenye vumbi jeusi.

"Mchawi gani anaweza kukusanya darasa zima, asubuhi mpaka jioni, nia moja, neno moja, bila hata mmoja kukosea? Sisi wazee tungekuwa na nguvu hiyo tungeshajiponya magoti. Kazi hiyo wameifanya watoto wenu, mchana kweupe, wamevaa sare." Akapangusa mikono kwenye kanga, vumbi halikutoka. "Na wewe ndiye uliyemalizia."

"Mimi?"

"Alikuwa akirudi jioni ananiambia, bibi, wote wameacha kuniona, lakini Fundi bado ananiona. Ndicho kitu alichokuwa ameshikilia."

Fundi alilia mpaka akakosa sauti. Bibi alimwacha alie.

"Unamwona?" Fundi akauliza mwishowe.

"Simwoni. Nasikia mfuniko wa sufuria, nasikia kitanda. Ningekuwa nimeshamwitikia nikamfuata huko aliko. Lakini hapa hapigi hodi. Mtu kwao huingia tu."

"Nifanye nini, bibi?"

"Sijui. Labda wote waliomkana wakimwitikia, hatabaki wa kusema hayupo. Labda. Mimi nauza mkaa, mwanangu. Si mganga."

Fundi akaamua kupigana kwa kitu alichokijua. Kila jioni alimsimamisha mwanawe katikati ya duka, akampima kama anayemshonea nguo ya sikukuu. Bega, kifua, kiuno, urefu. Anaita namba, Chiriku anajibu. Maadamu anajibu, yupo. Vipimo vya mtoto yule alikuwa anavijua kwa moyo, na kila jioni futi ilimsuta. Kiuno kilipungua. Bega likapungua. Hata urefu ukaanza kupungua, na Fundi akawa anataja namba za zamani, za uongo, kwa sauti ya furaha, na Chiriku anazirudia huku akijua.

"Mama," Chiriku akasema siku moja, "nilikuwa sijui kwamba inauma hivi."

"Najua, mwanangu."

"Yeye alivumilia wiki ngapi? Mimi hizi chache tu..." Akashindwa kumaliza. "Nimemwomba msamaha. Anasema amesikia. Hakusema amenisamehe."

Jioni nyingine Fundi akaita namba ya kifua, na jibu likachelewa, likaja kama kutoka chumba cha pili. Aliinua macho. Chiriku alikuwa mbele yake, lakini ilimbidi amtafute kwa macho kama anayetafuta tundu la sindano.

Siku iliyofuata akazungusha futi, akaikaza.

Ikajikaza yenyewe. Ndani hakukuwa na kitu.

"Kiuno!" Fundi akapiga kelele. "Kiuno, ishirini na sita! Jibu! Ishirini na sita!"

Nje mtu aliyekuwa anapita akasimama, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Alikaa sakafuni mpaka duka likawa jeusi. Hakuwasha taa. Hakuwa na mtu wa kumwashia. Na hapo ndipo aliposikia kwa masikio yake, mlangoni.

"Hodi."

Sauti zilikuwa mbili. Moja ndogo, ile aliyoijua. Na ya pili...

Ya pili ilikuwa ya mwanawe. Mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba hii alikuwa amesimama nje anapiga hodi kwao.

Fundi alijua sheria. Alijua aliyeitunga. Hakufikiri hata kwa muda wa kuvuta pumzi.

"Karibuni," akasema. "Karibuni, wanangu."

Wakaingia. Aliwaona wote wawili, wazi kabisa, wameshikana mikono, nyuso zimepauka kama kitambaa kilichofuliwa mno. Alimkumbatia Chiriku mpaka mifupa ikalia. Alikuwa na uzito. Alikuwa na harufu, ile ya kabati, na Fundi aliivuta kwa pua zote mbili. Kisha akamkumbatia na yule mwingine, akamwambia yale aliyotakiwa kumwambia zamani. Yule binti alisimama wima katika kumbatio lile, mikono imening'inia, kama mtu aliyesahau linafanywaje.

"Fundi," akasema baadaye, "hapa tuko watatu tu. Bado wenzangu wa darasa."

Fundi akamtazama.

"Wote wakiitikia, hatabaki wa kusema hatupo. Si ndivyo bibi alivyosema? Tutarudi. Chiriku atarudi."

"Alisema labda," Fundi akanong'ona.

Chiriku akamshika mama yake mkono, na mkono ule, uliokuwa mzito sasa hivi tu, ulikuwa umeanza tena kuwa mwepesi.

Wakatoka. Jirani aliyekuwa anaanua nguo hakuitikia salamu ya Fundi. Mwendesha baiskeli aliwajia moja kwa moja, wakamkwepa wao. Mtaa ulikuwa ule ule, taa zile zile, redio ile ile kwa kinyozi, na hakuna aliyegeuza shingo. Fundi aliyezoea kujificha asionwe na watu alitembea katikati ya barabara na hakukuwa na haja ya pazia.

Wakasimama mbele ya nyumba moja yenye dirisha lililo wazi. Ndani familia ilikuwa inakula. Pacha alikuwa ameketi kati ya mama yake na mdogo wake, kijiko mkononi, macho kwenye mlango, kama mtu anayengoja kitu kibaya saa yake ifike. Mama yake akampapasa mgongo. Fundi alimjua mama huyo. Alikuwa amemshonea nguo ya uzazi, alipokuwa na mimba ya mtoto huyu huyu.

"Mimi nimepiga sana hapa," yule binti akanong'ona. "Sauti yangu anaiogopa. Leo piga wewe, Fundi. Wewe ni mtu mzima."

Fundi akamtazama Pacha. Akamtazama mwanawe, ambaye kupitia bega lake taa ya barabarani ilikuwa imeshaanza kuonekana. Akaomba asikike, na akaomba asisikike, vyote kwa pamoja.

"Hodi," akasema.

Ndani, kijiko kikasimama. Pacha aliinua kichwa akasikiliza, na polepole uso wake ukafunguka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Si yeye!" akamwambia mama yake. "Ni mama yake Chiriku."

Akaweka kijiko chini, akainuka, akaja mlangoni mbio.